Kichwa Nusu cha Shemeji

Mtaa mzima ulimwita Mstari, na jina hilo alilipata kihalali. Hakuna kinyozi mwingine aliyeweza kuchora mstari wa paji la uso ukanyooka kama wake. Kabla hajakugusa alikuwa anafumba jicho moja, anarudi nyuma mpaka mgongo unagonga ukuta, anakupima kama mwashi anayeangalia kama tofali limekaa sawa, kisha anakuambia utulie, maana sanaa haitaki kikohozi. Watu walitulia. Ukinyolewa na Mstari ulitoka na kichwa safi na shingo iliyokakamaa.

Ila kila mwenye kipaji ana ugonjwa wake, na ugonjwa wa Mstari ulikuwa kutoridhika. Mstari ukipinda kidogo kushoto, anausogeza juu. Kushoto kukishapanda, kulia nako kunadai haki yake. Hivyo ndivyo alivyompoteza shemeji yake siku ya harusi yake mwenyewe. Asubuhi ile bwana harusi, kwa mapenzi makubwa, alijitolea kumnyoa kaka wa bibi harusi. Akasogeza kushoto, akasogeza kulia, akarudi kushoto, na alipokuja kuridhika paji la uso la shemeji lilikuwa limefika utosini. Picha ya harusi ikatundikwa sebuleni kwa mama mkwe. Watu wote wanatabasamu, na katikati yao limesimama yai lenye tai.

Yai lile halikusamehe. Miaka ikaenda, watoto wakazaliwa wakaota meno, na shemeji akawa bado anapita mbele ya kibanda cha Mstari uso kaugeuzia upande wa pili, kama mtu anayepita jalalani. Alikuja kila Jumapili kumwona mama yake, aliyekaa mwisho wa mtaa uleule, kwa hiyo Mstari alikijua kisogo cha shemeji kuliko sura yake. Aliyeumia zaidi ni mke wa Mstari. Kaka alikuwa naye huyo mmoja tu, na mume naye huyo mmoja, na kila alipopika chakula cha watu wengi alijua mmoja kati ya hao wawili atakuwa na udhuru.

Sasa huyu shemeji naye tumweleze, asije akaonekana mtu mbaya. Alikuwa mkaguzi wa mizani sokoni. Kazi yake ilikuwa kuipima mizani ya wauzaji, kuifunga kwa muhuri wa chuma, na ole wake muuza nyanya atakayethubutu kuufungua. Aliupenda muhuri kama wengine wanavyopenda chai. Kitu kikiwa kimefungwa na wenyewe, kwake kilikuwa kimetulia, na dunia nayo imetulia. Alimnunulia mama yake redio nzuri yenye karatasi ya kung'aa imebandikwa mgongoni: *Usifungue, ukifungua dhamana itakwisha.* Redio ikaimba mwaka mmoja, ikanyamaza. Mstari alipojitolea kuifungua, jibu lilitumwa kupitia mke wake kwamba asiiguse, ina muhuri. Dhamana yenyewe ikaisha, muhuri ukabaki, na redio ikakaa mezani chini ya kitambaa cha kufuma kama mgeni aliyenuna.

Mama mkwe ndiye aliyechoka kwanza. Jumapili moja aliwaita wote wawili sebuleni kwake, akawakalisha chini ya ile picha.

"Mimi nimezeeka," alisema, "na hili yai nimelitazama vya kutosha. Nataka picha nyingine ya familia. Wewe mwanangu, utanyolewa na mkwe wangu siku hiyohiyo ya picha. Akishakunyoa mmepatana. Na asije mtu hapa na kofia. Nataka kuona vichwa."

"Mama, huyu mtu..." shemeji alianza.

"Huyu mtu ana jina. Anaitwa shemeji yako."

Shemeji akakubali, kwa sharti. Siku chache baadaye alimletea Mstari boksi lililofungwa vizuri, na ndani yake mashine ya kunyolea ambayo Mstari alikuwa ameiona kwenye matangazo tu. Nyeupe, laini, ina taa ya buluu.

"Hii haina makosa ya kibinadamu," shemeji alisema, akitazama ukuta. "Ina dhamana. Na inaongea. Izoee mpaka siku ya picha. Mimi ninanyolewa kwa hii tu."

"Inaongea nini, shemeji?"

"Inakukanya."

Hayo yalikuwa maneno marefu kuliko yote aliyoambiwa na shemeji tangu aoe, na Mstari alifurahi mpaka akili ikamhama kidogo. Aliichukua mashine yake ya zamani, iliyomlishia watoto wote, akavuka nayo barabara kifua mbele mpaka kwa mpinzani wake. Huyo walimwita Kipara, kwa sababu alikuwa nacho: kinyozi asiye na unywele hata mmoja, na wateja walikaa kwenye kiti chake wakijiuliza alinyolewa na nani. Mashine ya Kipara ilikuwa na mwili wa mashine moja, mota ya nyingine, imefungwa raba ya tairi kiunoni, na ilinguruma kama kinu cha kusaga.

"Chukua hii, ndugu yangu," Mstari alisema kwa sauti ya kusikika hadi kituoni. "Mimi huko nimeshatoka."

Kipara aliipokea bila neno. Mtu mwenye hekima angeogopa ukimya ule, lakini Mstari siku hizo alikuwa na taa ya buluu.

Hawa wawili walikuwa na kisa chao. Zamani Mstari alitoka nje mara moja tu kupokea simu, akarudi akakuta mteja wake kavuka barabara, yuko kwa Kipara anamaliziwa ndevu. Mstari alipeleka kilio kwenye kikao cha vinyozi wa mtaa ule. Alilia kweli, machozi yakachuruzika, mpaka wenzake wakapitisha sheria ili anyamaze: kichwa kikishaanzwa na kinyozi mmoja, kinyozi mwingine hakigusi, kuwe jua, kuwe mvua. Tangu siku hiyo kila kinyozi pale aliishika sheria ile. Wateja hawakuulizwa.

Siku ya picha ikafika. Shemeji aliingia kibandani amevaa suti, nywele zimemsimama kama brashi ya viatu, akaketi na kushika mikono ya kiti kama abiria wa ndege. Mstari akamfunga kitambaa, akawasha mashine.

"Karibu, mpendwa mteja," ilisema kwa sauti ya dada mpole. "Tafadhali kaa wima."

Shemeji akakaa wima. Karibu atabasamu. Mashine ikapita upande wa kushoto kama kisu kwenye siagi, nywele zikaanguka begani, na shemeji akaanza hata kuuliza habari za watoto. Mstari alisikia moyo wake umejaa. Akafika utosini, kati kwa kati, na mashine ikazima.

"Mpendwa mteja," ilisema, "muda wangu wa huduma umefika. Tafadhali nipeleke kwa wataalamu wetu. Asante kwa kutuchagua."

Mstari akabonyeza tena. "Mpendwa mteja," ikarudia, na safari hii dada alionekana ameanza kuchoka. Akaichomeka kwenye chaja, akaipuliza, akaipiga kofi dogo la upendo. Betri ilikuwa imejaa. Meno yalikuwa makali. Mashine haikuwa na ugonjwa wowote, ilikuwa imegoma tu.

"Nini?" shemeji aliuliza bila kugeuka.

"Inapumzika."

Mashine ya kupumzika haipo, na shemeji alijua. Alitazama kwenye kioo. Kushoto alikuwa mkaguzi wa mizani aliyepangika. Kulia alikuwa mtu aliyetoroka mahali. Mstari akaigeuza mashine, akakuta skrubu zenye uso wa nyota na kidude kimesimama katikati, skrubu zilizotengenezwa ili mwenye mali azitazame tu. Alijaribu bisibisi, akajaribu ncha ya mkasi, akajaribu ufunguo wa nyumba.

"Usifungue!" shemeji alinguruma. "Ina dhamana! Piga simu."

Wakapiga simu. Ukapigwa muziki, wakaambiwa wabonyeze namba, wakabonyeza, ukapigwa muziki mwingine. Mwishowe akapatikana kijana mwenye adabu nyingi. Mtaalamu angepatikana baada ya wiki mbili, alisema, na katika muda huo mashine isifunguliwe na mtu yeyote.

"Kaka, nina kichwa hapa kimefika nusu," Mstari alisihi.

"Mashine imepata hitilafu yoyote?"

"Mashine nzima! Shemeji yangu ndiye mwenye hitilafu!"

"Shemeji yako hayumo kwenye dhamana," kijana alisema. "Kuna jingine naweza kukusaidia?"

Utasema, si angechukua wembe? Wembe haujagusa kichwa cha shemeji tangu utotoni, siku mjomba wake alipomnyoa akapiga chafya. Kovu lipo nyuma ya sikio, na wembe ukitajwa tu huwa anaishika mikono yako. Mstari akajaribu mkasi na kitana. Alikuwa hajanyoa kichwa kizima kwa mkasi tangu alipokuwa anajifunza, kwa hiyo upande wa kulia ukageuka ngazi. Panya angeweza kupanda mpaka juu bila kushika ukuta.

Hapo ndipo mke wake alipoingia, amejipamba, kuwaita. Mpiga picha alikuwa amefika, mama alikuwa ameshavaa na kuketi uani, na hataki kunyanyuka asije akaikunja nguo. Alimwona kaka yake. Akaweka mkono mdomoni.

"Umemfanyia tena," alisema.

Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomchoma Mstari. Angepigiwa kelele angejitetea. Alimwona mke wake ameshika kitasa cha mlango, machozi yamemlengalenga, na akajua kwamba kichwa hiki kikitoka hapa kilivyo, hakuna Jumapili nyingine. Mama mkwe hatakuwa na nguvu ya kuwaita tena.

"Njoo, shemeji," alisema. "Tuvuke barabara."

Wakavuka wote watatu, shemeji katikati na kitambaa shingoni, na magari yalisimama yenyewe. Kipara alikuwa amekaa mlangoni anakula karanga. Alitazama kichwa kile, akatafuna polepole.

"Nirudishie mashine yangu ya zamani," Mstari alisema. "Kwa muda tu."

"Ile?" Kipara akainua mashine yake iliyofungwa raba. "Imo humu. Springi ni yako, na waya."

"Basi niazime hiyo."

"Mashine ya kinyozi haiazimwi. Wewe ungeniazima mswaki?"

"Basi mnyoe wewe!" Neno hilo lilimtoka Mstari kama jino. "Nakuomba. Mkalishe, mmalizie."

Watu walikuwa wameanza kujaa. Kipara alisimama, akajifuta mikono, na kwa sauti ya kilio, sauti ya Mstari kabisa wa siku ya kikao, akasema, "Kichwa kikishaanzwa na kinyozi mmoja, kinyozi mwingine hakigusi. Kuwe jua, kuwe mvua." Akaangalia juu. "Leo ni jua."

"Sheria ile niliitunga mimi!"

"Ndiyo maana naiheshimu."

"Lakini kuna dharura!"

"Hukuweka dharura. Ulilia ukasahau."

Wakaanza kubishana, kila mmoja akimshika shemeji kichwa kuonyesha hoja yake. Mstari akionyesha upande ulioisha, Kipara akionyesha ngazi, huyu akikivuta huku, yule akikirudisha kule. Walifika mahali pa kubishana kama kichwa kilichoanzwa kwa mashine na kuendelezwa kwa mkasi kimeanzwa mara moja au mbili. Shemeji alivumilia. Alikuwa mtu wa kuvumilia taratibu. Kisha akajichomoa mikononi mwao, kitambaa kikaanguka.

"Nyamazeni!" alisema. "Hiki kichwa ni cha nani?"

Kipara akameza karanga.

"Nauliza! Nimezaliwa nacho. Kikiuma ninaumwa mimi, kikinyeshewa ninalowa mimi. Nyinyi mnakaa kikao, mnakigawana, mimi sina taarifa! Nikitaka kinyolewe na mwashi, atakinyoa mwashi kwa mwiko wake, na hakuna wa kuniuliza!"

Maneno yale yalimwingia Mstari. Alikuwa hajawahi kulifikiria jambo hilo. Akakitazama kile kitu cheupe mkononi mwake, taa ya buluu ikipepesa.

"Ni kweli, shemeji," alisema taratibu. "Nimekosa. Kichwa ni chako. Na hii mashine ni ya nani?"

"Yako. Si nilikupa?"

"Ulinipa kabisa, au uliniwekea tu?"

Shemeji akafungua mdomo. Ungeweza kuona mizani yote ya soko inapita kichwani mwake, upande ulionyolewa na upande wa ngazi. Mihuri yake ya sokoni ilimlinda mnunuzi asipunjwe, hiyo sawa. Huu wa kwenye mashine ulimlinda nani? Alitazama kushoto akamwona dada yake. Akalamba midomo.

"Ifungue," alisema, na alitamka kama mtu anayeruhusu akatwe kidole.

Kipara hakungoja kuambiwa mara mbili. Kufungua kitu cha watu ilikuwa starehe ya maisha yake. Akatoa bisibisi aliyoichonga mwenyewe kutoka kwenye spoki ya baiskeli, akaipasua ncha katikati ili kile kidude kiingie, na skrubu zikatoka moja moja. Ndani hamkuwa na maajabu: betri, mota, kibao cha kijani, na spika ndogo kama kifungo cha shati.

"Mzima huyu," Kipara alisema. "Ameambiwa agome tu. Tumuunganishe betri na mota moja kwa moja, na hii njia ya kuongea tuikate."

"Hiyo siyo ya kuongea," Mstari alisema.

"Ndiyo."

"Siyo."

Kipara akakata. Haikuwa ya kuongea. Mota ikawaka ikanguruma vizuri, na dada naye akaanza, na hakuna kilichomnyamazisha tena. "Nimefunguliwa," alisema. "Nimefunguliwa na mtu asiyeruhusiwa. Dhamana yangu imekwisha. Poleni sana. Nimefunguliwa..."

Shemeji akakaa kwenye kiti cha Kipara mwenyewe, bila kulazimishwa. Mstari akanyoa. Ngazi zikaporomoka, nywele zikaanguka sakafuni kwa mpinzani wake, na mashine ilinyoa huku inaomboleza mpaka bibi mmoja aliyekuwa anapita akauliza nani amefariki. Mwishoni Mstari akafumba jicho moja, akarudi nyuma mpaka ukutani. Mstari wa paji la uso ulikuwa umepinda. Kidogo tu, upande wa kulia. Mkono ukaanza kumwasha.

"Umepinda kidogo," alisema. "Niusogeze..."

Macho ya shemeji yalimngoja kwenye kioo. "Kichwa cha nani?"

Mstari alihema. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kuzifanya katika kibanda chochote. "Chako, shemeji," alisema, akaiweka mashine mezani.

"Poleni sana," mashine ilisema.

"Pole na wewe," shemeji akaijibu, akaipigapiga mgongoni.

Walikwenda kwa mama mkwe kwa haraka, na Kipara wakamchukua, maana sasa shemeji alikuwa kama mtu aliyeonja asali. Njia nzima alizungumza juu ya vitu alivyonavyo nyumbani vyenye muhuri. Alipita uani bila kumsalimu mpiga picha, akaingia sebuleni, akatoka amekumbatia redio na kitambaa chake cha kufuma.

"Mama," alisema, "nimekukosea. Hii ni yako na mimi nikakuzuia. Miaka yote umekaa kimya kwa sababu yangu. Leo tunaifungua. Nimekuja na fundi."

Kipara akainua spoki yake.

"Iache hiyo redio," mama mkwe alisema.

"Mama, niruhusu."

"Mwanangu, iache. Utaiharibu." Akanyoosha mkono, akazungusha kitufe, na sauti ya mtangazaji wa mpira ikalipuka uani mpaka kuku wakatawanyika.

Shemeji akabaki ameishika, inamtetemekea tumboni.

"Niliifungua wiki ileile iliponyamaza," mama mkwe alisema. "Kwa kisu cha vitunguu. Waya ulikuwa umechomoka tu, nikaurudisha."

"Lakini kila nikija iko kimya!"

"Nikisikia miguu yako naizima. Ulivyokuwa unajivunia kile kikaratasi, baba, ningekuambiaje?"

Mke wa Mstari ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha kuinama. Akafuata Kipara, akafuata Mstari, na Mstari alikuwa amejiandaa kuacha mara moja iwapo shemeji atakasirika. Shemeji alitazama redio, akamtazama mama yake, akamtazama Kipara na spoki yake. Kisha akamwegemea Mstari begani na kucheka mpaka akakosa pumzi, na mpiga picha, aliyekuwa amechoka kungoja, akabonyeza.

Ndiyo picha iliyopo. Mama mkwe peke yake ndiye aliyetazama mbele. Binti amejikunja, kipara fulani asiye wa ukoo anang'aa pembeni, na shemeji kafumbua mdomo, mstari umepinda, mkono kauzungusha shingoni kwa mkwe wa nyumba. Mstari hawezi kuipita bila kufumba jicho moja na kuugua moyoni, lakini hajawahi kuomba wapige nyingine. Imetundikwa juu ya redio, na redio siku hizi haizimwi hata Jumapili.